Kitabu kigumu si lazima kiwe kitabu bora

Kijana mmoja aliyekubaliwa kusomea shahada ya uzamili ya hisabati ameniuliza swali. Fedha alizonazo zinatosha kununua kitabu kimoja tu cha uchambuzi wa namba halisi. Je, anunue kipi?

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, wala si mwalimu wa hisabati. Lakini kuuliza ndiyo kazi yangu, nami nimewauliza wanaojua.

Kwanza tujue kinachotafutwa humo. Mwaka 1902 Mfaransa Henri Lebesgue alitoa njia mpya ya kukokotoa intigrali. Mwenyewe aliifananisha na kuhesabu fedha. Unaweza kuzihesabu kadiri zinavyotoka mfukoni, moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo njia ya zamani ya Riemann. Au unazipanga kwanza, za tano kwa za tano, za kumi kwa za kumi, ndipo unajumlisha. Kila mwenye duka anaijua njia hiyo ya pili. Basi kitabu kizuri ni kile kinachokuonyesha kwa nini ilihitajika.

Kitabu cha Walter Rudin, Real and Complex Analysis, cha mwaka 1966, kinasifiwa sana. Kina maneno machache, na hakimsubiri msomaji. Cha Gerald Folland, cha mwaka 1984, kina mambo mengi, nacho huanza na nadharia ya vipimo kwa ujumla wake. Royden, mwaka 1963, na Stein na Shakarchi, mwaka 2005, wao huanza na mstari wa namba au nafasi ya kawaida, kisha ndipo wanapanda juu. Kwa anayesoma peke yake, usiku, bila mwalimu wa kumgongea mlango, hiyo ndiyo ngazi ya kupandia.

Tena kuna habari njema kwa mwenye mfuko mwepesi. Sheldon Axler alitoa kitabu chake mwaka 2020, na kila mtu anaruhusiwa kukichukua bure kwenye intaneti, kihalali kabisa. Kijana aanze na hicho. Fedha yake aitunze mpaka ajue mhadhiri wake anafuata kitabu gani, kwani mtihani utatoka huko.

Kabla ya kununua, akiazime maktaba kwa wiki moja. Asome sura ya kwanza akiwa na kalamu mkononi, ajaribu mazoezi matatu. Akishindwa yote matatu, akirudishe bila aibu. Vijana wengi wenye akili hujiona wajinga na kuacha masomo, kumbe walianzia kitabu kisichowafaa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wasikilizaji. Lakini hakuna aliyesema achague kitanda kifupi kuliko vyote.