Kusoma Hakutoshi Bila Kuuliza

(Maneno ya Katibu, yaliyosomwa katika mkutano wa sherehe ya miaka kumi ya Chama)



Waliotangulia kusema wameeleza habari za maghala, mizani na malipo. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa nafasi ya kusema juu ya elimu, nasi twaomba tuseme jambo moja tu: ujuzi wa kutafuta habari, kuipima, na kuitumia. Jambo hili laonekana dogo, lakini mara nyingi ndilo liamualo kama jasho la mkulima litabaki nyumbani kwake au litaingia mfukoni mwa mwingine.

Wazee wetu kadha wa kadha walijifunza kusoma wakiwa watu wazima. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkoa wetu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmoja wa mikoa ya Ziwa iliyotiwa katika mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968 hata 1972. Katika miaka hiyo ya 1970 lilitolewa Mwanza gazeti la wasomaji wapya wa vijijini, jina lake Elimu Haina Mwisho. Jina hilo peke yake lilikuwa somo.

Leo herufi twazijua, na simu zi mikononi mwetu. Shida yetu si uchache wa habari. Habari zatujia usiku na mchana. Shida ni kuzichambua kama tuchambuavyo kahawa yetu, tukajua ipi ni buni na ipi ni ganda. Tutatoa mifano mitatu ya hapa hapa kwetu.

Mfano wa kwanza ni bei. Mkulima asikia katika redio kwamba robusta huko London imefika, tuseme, dola 4,000 kwa tani. Agawanya, apata dola 4 kwa kilo, kisha aja ofisini amekasirika kwamba ameibiwa. Hasira yake twaielewa, lakini hesabu yake ina pengo. Bei ya London ni ya kahawa safi iliyokwisha kukobolewa, naye ameleta maganda. Kilo mbili za maganda makavu hutoa karibu kilo moja ya kahawa safi. Kwa hiyo kilo yake ya maganda yafanana na dola 2, na hapo bado kukoboa, kusafirisha, na makato. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa Murongo, wasikiao bei kutoka ng'ambo ya mto Kagera. Hiyo ni shilingi ya Uganda, ambayo thamani yake ni ndogo kuliko ya shilingi yetu. Tena pengine bei yenyewe ni ya kahawa safi, wala si ya maganda. Kuna watu waliojitia katika hatari ya magendo kwa kufuata tarakimu ambayo hawakuuliza ni ya fedha gani wala ya kipimo gani.

Mfano wa pili ni migomba. Mnyauko uliojulikana Uganda mwaka 2001 ulifika mkoani kwetu mwaka 2006. Maneno mengi yalisemwa: huyu alisema ni ukame, yule akasema ni mkono wa jirani. Waliokwenda kumwuliza Bwana Shamba walielezwa kwamba ugonjwa hupelekwa na wadudu wanaotua katika ua la mgomba, na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Basi wakajifunza kuvunja ua kwa mti wenye panda pasipo kutumia chuma, kupitisha panga katika moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kung'oa migomba iliyougua. Mwenye kuuliza aliokoa kibanja. Mwenye kugombana na jirani alipoteza kibanja na jirani pia.

Mfano wa tatu ni mchungu zaidi, nao watuhusu sisi wenyewe. Ni habari ya butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini.

Msimu mmoja alifika ofisini mama mmoja, mwanachama wetu, mkononi ana karatasi. Mwezi wa Januari alikuwa amepokea shilingi 100,000 kwa ajili ya sare na madaftari ya mtoto aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, akaahidi kulipa magunia mawili ya maganda wakati wa mavuno. Mama huyu asoma vizuri, na karatasi aliisoma kabla ya kutia sahihi. Lakini karatasi ilisema magunia mawili, haikusema kilo ngapi. Mavuno yalipofika, mwenye fedha alikuja na magunia ya lumbesa. Hata kama yangalikuwa magunia ya haki, ya kilo 50 kila moja, na hata kama bei ingalikuwa shilingi 2,000 tu kwa kilo, kwa mfano wa hesabu, mama huyu angalikuwa amelipa shilingi 200,000 kwa mkopo wa 100,000 wa miezi michache.

Tulimwuliza, "Mama, mbona hukuja kwetu kwanza?" Akajibu, "Nilikuja, mwanangu. Nikasoma tangazo lililobandikwa mlangoni, nisielewe, nikaona haya kuuliza."

Tulikwenda kulitazama tangazo lile. Lilijaa maneno ya ofisini, stakabadhi na makato na malipo ya awali, pasipo hesabu hata moja ya kuonyesha. Ndugu wanachama, kosa lilikuwa letu. Habari isiyoeleweka ni sawa na habari iliyofichwa, na pengo tuliloliacha sisi lilijazwa na mwenye lumbesa.

Ushirika tangu asili yake haukutengana na elimu. Wafumaji na mafundi wengine wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, walitenga sehemu ya faida kwa elimu, wakawa na chumba cha vitabu na magazeti. Na misingi ya ushirika iliyokubaliwa Manchester mwaka 1995 yataja elimu, mafunzo na habari kuwa wajibu wa kila chama. Basi huo si ukarimu wa viongozi. Ni haki ya mwanachama.

Kwa hiyo twapendekeza mambo haya. Kila mwanachama asikiapo habari ya mali yake na aulize maswali manne: Nani asemaye, naye apata faida gani? Habari hii ni ya lini? Ni ya kipimo gani na fedha gani? Na ni nani mwingine ajuaye, nikamwulize? Watu wa kuulizwa wapo: Bwana na Bibi Shamba, kituo cha utafiti wa kahawa cha Maruku, na Bodi ya Kahawa.

Kwa upande wetu, kila tangazo la Chama liwe na hesabu ya mfano kwa kilo 100 za maganda, na lisomwe kwa sauti katika kila chama cha msingi kabla ya kubandikwa. Vitabu vya hesabu vifunguliwe mbele ya wanachama, na karani asimkunjie uso aulizaye. Kila mwanachama naye awe na daftari lake la kilo, tarehe na malipo, kwani wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mama yule ruhusa ametupa ya kuyasema haya, bila jina lake. Sasa ana daftari, na kila mkutano ndiye wa kwanza kunyosha mkono. Makarani wengine humwona msumbufu. Sisi twaomba Mungu atupe wasumbufu wa namna hiyo katika kila kijiji, ili miaka kumi ijayo pasiwe na mwanachama aonaye haya kuuliza mlangoni pa chama chake mwenyewe.