Tope Lisilo na Jina

Wasikilizaji wangu, wanafunzi wa jiolojia ya bahari mnaofunga mabegi asubuhi hii, na hasa ninyi walimu mnaowasimamia: leo nina neno, na sitalipaka asali. Msimu baada ya msimu, mifuko ya tope inaletwa maabara bila kujulikana imetoka wapi. Mmoja uliandikwa kwa kalamu ya wino, chumvi ikaufuta. Mwingine umeandikwa "sampuli 3", basi. Tatu ya wapi? Kina gani? Juu ni wapi, chini ni wapi?

Tope hilo ni sawa na chupa ya damu isiyo na jina la mgonjwa. Hata mashine iwe ya bei gani, majibu yake hayamfai mtu.

Na simlaumu mwanafunzi. Yeye hufanya alichofundishwa. Nimemwona msimamizi amekaa ngalawani na simu sikioni, vijana wamezama matopeni hadi magotini, wanachimba wasichokijua. Nimemwona na mwingine asiyetaka kuachia bomba la kuchotea tope: achote yeye, atazame yeye, kijana abebe ndoo. Kijana anabeba ndoo mpaka anahitimu, halafu tunashangaa hajui kusoma tabaka!

Tabaka husomwa pale pale, likiwa bichi. Likikauka, rangi inageuka na harufu inapotea. Tazameni Ghuba ya Pangani. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha ushahidi wa tsunami iliyopiga pale miaka kama 1000 iliyopita: tabaka la mchanga lenye mifupa ya watu. Bila kuandika mchanga ule ulilala juu ya nini na chini ya nini, ungebaki mchanga tu, nasi tungedhani ile ya Desemba 26, 2004 ilikuwa ya kwanza kutufikia.

Na maandalizi ya safari? Kofia na maji ya kunywa mnavijua, sipotezi muda. Lakini kupwa na kujaa siviruki. Siku za bamvua, bahari ya Unguja na Dar es Salaam hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji hutoka kabisa karibu saa nne asubuhi. Kina mama wa chaza na pweza huwa wameshashuka pwani mapema. Wasomi wetu bado wanakunywa chai! Wakifika wanakimbizana na maji, na kinachoachwa kwanza ni daftari. "Tutaandika jioni." Jioni ipi? Jioni kuna uchovu na mbu, na kila mtu anakumbuka lake. Ndiyo hiyo mifuko isiyo na jina.

Msimamizi, mkabidhi kijana bomba. Mpe daftari na penseli, maana penseli haiogopi maji. Kabla mfuko haujafungwa, muulize: unaona nini? Mwache ajibu, hata akikosea usimkatize. Mshale uchorwe kuelekea juu. Picha ipigwe na rula pembeni. Karatasi moja ya maelezo iingie mfukoni, nyingine ibandikwe nje. Jipiesi isomwe kwa sauti, mwenzake aandike. Na jipiesi isiwatie kiburi, betri huisha. Mwulizeni mvuvi mahali pale panaitwaje, mwandike.

Tena huyo mvuvi! Mzee mmoja aliwaambia vijana mkondo umehama, wakamcheka kwa elimu yao. Shikamoo kwanza, kisha swali, kisha penseli. Aliyokwambia nayo ni data.

Naharakisha kwa sababu pwani haitusubiri. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti. Leo maji yakijaa kinafunikwa. Kunduchi fukwe zimeliwa. Ufuo ulioliwa hauchotwi mara ya pili.

Kwa hiyo, mwalimu unayetoka na wanafunzi wiki hii, weka sheria moja: mfuko usio na maandishi haupandi ngalawani. Uwe wa mwanafunzi, uwe wako mwenyewe, haupandi.