Damu Nzito? Kwanza Tuulize Imepimwaje

(Mwelimishaji wetu wa afya alizungumza na wanafunzi wa sekondari mjini Songea. Haya ndiyo aliyowaambia.)

  

Leo nilipanga tuongee habari za moyo kwa ujumla, na makaratasi yangu haya hapa. Lakini jana nilipofungua sanduku la maswali nilikuta karatasi moja ikanibadilisha mpango. Haina jina, na mwenyewe simtafuti. Nawasomea:

"Dada, mama alipimwa stendi kwa mashine. Unashika chuma kama kalamu, halafu kompyuta inatoa majibu. Wamemwambia ana damu nzito na atapata kiharusi. Wamemuuzia dawa chupa tatu, ametoa hela ya mbolea. Sasa vidonge vyake vya presha ameacha. Je, damu nzito inapimwaje?"

Jamani, msicheke. Huyu mwenzenu ana wasiwasi nyumbani. Tumjibu.

Tuanze na damu yenyewe. Umejikata na jembe shambani. Damu inatoka, unabana, baada ya dakika chache inakoma. Kumetokea nini? Kuna chembe ndogo sana kwenye damu, chembe sahani, zinakimbilia pale penye jeraha na kushikamana. Halafu protini iliyoyeyuka ndani ya damu, inayoitwa fibrinojeni, inageuka kuwa nyuzi. Nyuzi zinazinasa zile chembe kama wavu unavyonasa dagaa kule Mbamba Bay. Hapo damu imeganda, umepona. Bila hivyo hata wembe ungetuua.

Tatizo ni pale damu inapoganda ndani ya mshipa na kuuziba. Ikiwa ni mshipa unaolisha moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni wa ubongo, ni kiharusi. Lakini shikeni na hili: kuna kiharusi cha aina nyingine, ambapo mshipa wa ubongo hauzibi, bali unapasuka na damu kuvuja. Kwa nje mgonjwa anaonekana vilevile, mdomo umepinda, mkono umelegea. Nitarudi hapo.

Sasa, kuganda kwa damu kunapimwa? Ndiyo. Kipimo rahisi kuliko vyote hutumika kwa mtu aliyeumwa na nyoka, maana sumu ya baadhi ya nyoka inaimaliza fibrinojeni. Unachukua mililita 2 za damu, unaziweka kwenye kichupa cha kioo kisafi na kikavu, unakiacha dakika 20 bila kukitikisa. Halafu unakiinamisha. Kama damu bado inatiririka, basi haigandi na mgonjwa yuko hatarini. Hakuna kompyuta hapo, ni kichupa na saa ya mkononi.

Kipimo kingine alikianzisha daktari wa Marekani, Armand Quick, mwaka 1935. Damu inatolewa mshipani na kuwekwa dawa ili isigande njiani. Maabara wanatenga yale maji yake ya njano, wanaongeza kichocheo na kalsiamu, kisha wanahesabu sekunde mpaka yagande. Kwa kawaida ni kama sekunde 11 hadi 14. Kwa kuwa vichocheo vya maabara vilitofautiana, mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilipitisha hesabu moja ya kulinganisha, inaitwa INR. Wewe usiyetumia dawa yoyote, INR yako ni kama 1.

Nani anahitaji kipimo hicho mara kwa mara? Hasa anayetumia wafarini, dawa ya kupunguza kuganda. Na msidhani ni wazee tu. Wapo wa rika lenu. Maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria fulani, yasipotibiwa, kwa baadhi ya watoto huishia kuharibu valvu za moyo. Wengine hufanyiwa upasuaji, mathalani pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wakawekewa valvu ya chuma. Damu hupenda kuganda juu ya chuma, kwa hiyo wafarini inakuwa ya maisha, na INR inatakiwa iwe kama 2 hadi 3.5 kutegemea valvu. Ikishuka, damu inaganda. Ikipanda mno, mtu anavuja. Na mboga zetu hizi, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakatazwi kula. Anaambiwa asile bakuli zima leo halafu akae wiki mbili bila mboga. (Wafarini ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Kwa hiyo kipimo cha dozi si mchezo.)

Sasa sikilizeni vizuri. Hata hicho kipimo halisi hakikuambii kama utapata kiharusi. Mtu anaweza kuwa na INR ya kawaida leo, kesho akaanguka. Kinamsaidia daktari kujua dawa inafanyaje kazi, au kwa nini mtu anavuja damu.

Kuna aliyeniuliza getini, vipi kuhusu kupima fibrinojeni? Swali zuri. Mwaka 2005 watafiti waliunganisha tafiti 31 zenye watu zaidi ya 150,000, wakaona wenye fibrinojeni nyingi walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Lakini haijathibitishwa kwamba ndiyo inayoleta ugonjwa. Hupanda pia mtu akiwa na uvimbe mwilini, na hupanda kwa wavuta sigara. Najua hapa nazungumza mkoa wa tumbaku. Kuna waliosomeshwa na tumbaku ya Namtumbo, siwasemi wazazi wenu. Ila ukiivuta, chembe sahani zinanata zaidi na fibrinojeni inaongezeka. Ukiacha, inaanza kushuka.

Kinachoongoza kuleta kiharusi ni presha, na presha inapimwa kwa mkanda wa mkononi. Ikiwa 140 juu au 90 chini, tena ikirudiwa siku nyingine na nyingine, hiyo ni presha ya juu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika sehemu mbili za nchi yetu. Wakishasawazisha umri, walipata kama watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam. Hiyo ya Dar ni kubwa hata ukilinganisha na nchi tajiri.

Baba yangu mdogo alikuwa na vidonge vya presha. Akaviacha kwa kuwa hakuumwa popote. Presha ndivyo ilivyo, haiumi. Asubuhi moja mkono ukalegea. Jirani akaleta aspirini, eti ya kulainisha damu, nasi tukampa. Hospitali swali la kwanza lilikuwa, mmempa nini? Maana kama mshipa umepasuka, aspirini inazidisha kuvuja, na aina ya kiharusi huonekana kwa picha ya CT, si kwa macho ya jirani. Yuko hai, lakini mpaka leo anakula kwa mkono wa kushoto.

Basi, ndugu mwenye karatasi. Mashine ya kushika haikutoa damu hata tone, kwa hiyo haikuona inavyoganda. Hali ya damu kuwa na chembe nyekundu kupita kiasi ipo, lakini nayo inapimwa kwa damu, maabara. Mama hajapimwa.

Kinachonitia hofu ni vile vidonge. Usimgombeze. Mwambie, "Mama, naomba nikusindikize." Asisubiri Jumamosi, nendeni kesho kituo cha afya kilicho karibu. Bebeni kadi yake, vidonge vilivyobaki na zile chupa tatu, daktari azione. Apimwe presha, na aulize aanzeje tena dawa. Hela ya mbolea sijui kama itarudi. Ukitaka kuniona faragha, nitakuwa chumba cha maktaba mpaka saa kumi.

Karatasi ya pili inauliza habari za chunusi. Tunyooshe miguu kidogo, halafu tutaanza na hiyo.