Safari ya Hong Kong kwa Mtu wa Fedha Kidogo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za Hong Kong, mji mkubwa wa bandari ulio pwani ya kusini ya Uchina, na hasa kumweleza mtu mwenye fedha kidogo jinsi awezavyo kuutazama mji ule asirudi kwao na deni. Maana ya jina lake ni bandari ya manukato. Waingereza walipewa kisiwa chake kwa mkataba wa mwaka 1842, wakaongeza Kowloon iliyo ng'ambo mwaka 1860, na mji wote ukarudi chini ya Uchina tarehe 1 Julai 1997. Watu wake hupata milioni 7 na nusu.

Neno la kwanza la kulijua ni hili: kitu cha ghali katika mji ule ni mahali pa kulala. Nchi ni milima, tambarare ni haba, na kila futi ya sakafu ina bei. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa watu zaidi ya 200,000 walikaa katika vyumba vilivyokatwa vipande vipande kwa kuta nyembamba. Basi mgeni akifunguliwa chumba ambacho akiweka sanduku lake chini hana pa kusimama, asidhani amedharauliwa. Wenyeji wengi hulala vivyo hivyo.

Lakini kwa kuwa nyumba ni ndogo, maisha yao huyafanya nje, na mambo ya nje yamepangwa vizuri kwa bei ambayo hata mchukuzi aweza kulipa. Hapo ndipo ilipo bahati ya msafiri maskini. Na alipe kitanda chake, ajinyoshe usiku, kisha mchana kutwa akae nje kama wao.

Atokapo uwanja wa ndege asikimbilie gari la moshi la haraka. Basi lenye alama A21 hupita njia kuu ya Kowloon, iitwayo Nathan Road, na nauli yake haifiki nusu ya ile ya gari la moshi. Katika njia hiyo liko jengo la Chungking Mansions, la orofa 17, lililojengwa mwaka 1961. Ndani mna nyumba ndogo za wageni nyingi, maduka ya Wahindi na Wapakistani, na wafanya biashara wa Kiafrika, hata Kiswahili husikika humo. Lifti ni ndogo na msururu ni mrefu. Wengi wa watu wetu wafikao huko wamekwenda kununua bidhaa, na kila dola iliwayo na kitanda imetoka katika mtaji wao. Kwa hiyo twawashauri watazame chumba kwanza, wapatane bei, ndipo walipe. Karibu na hapo upo msikiti mkubwa wa Kowloon, uliojengwa mwaka 1984 mahali pa ule wa mwaka 1896 wa askari Waislamu wa Kihindi.

Sasa twende baharini. Mparsi mmoja, Dorabjee Naorojee, alianzisha kampuni ya feri mwaka 1888, na feri zake, ziitwazo Star Ferry, huvuka kati ya Kowloon na kisiwa hata leo. Nauli haifiki dola 10 za Hong Kong, na dola ya Marekani moja hubadilishwa kwa 7.8 hivi. Kwa fedha hiyo ndogo mtu huona meli, majumba marefu na milima nyuma yake. Kuna vyombo vya watalii vinavyotoza mara nyingi zaidi kwa maji yale yale.

Ng'ambo ya pili zipo tramu za orofa mbili. Tramu zilianza kazi mwaka 1904. Abiria huingia kwa nyuma, akalipa ashukapo kwa mbele. Nauli ni moja, uende karibu uende mbali, nayo haifiki dola 5. Na apande juu, akae dirishani, apelekwe hata mwisho wa njia.

Kwa chakula, mikahawa ya wenyeji huuza tambi na chai ya maziwa iliyo nzito. Meza hukaliwa na watu wasiojuana, basi mgeni asiudhike mtu akivuta kiti mbele yake. Mwislamu aende Wan Chai, kwenye msikiti wa Ammar. Katika jengo lile lile mna mkahawa wa maandazi madogo ya mvuke, chakula halali kabisa.

Kilele cha Victoria kina kimo cha mita 552. Gari la kamba hupanda, lakini ni ghali; basi namba 15 ni rahisi, na kushuka kwa miguu ni bure.

Jumapili na ashuke Central. Watumishi wa nyumbani, wanawake wa Ufilipino na Indonesia, ambao katika mji wote wapita 300,000, hutandika makaratasi magumu chini ya madaraja, hata chini ya jengo la benki kubwa. Hula, huimba, husukana nywele, hufunga vifurushi vya kupeleka kwao. Sheria yawataka walale nyumbani mwa mabwana zao, na siku ya mapumziko hawana chumba cha kuwaalika rafiki. Apitaye na awasalimu, wala asiwapige picha kama wanyama.

Mwisho, habari ya hewa. Kati ya Mei na Novemba tufani huweza kuja. Ishara namba 8 ikitolewa, feri husimama, ofisi hufungwa, na watu hurudi ndani. Kwa hiyo msafiri aweke kando fedha ya kulala usiku mmoja zaidi, au achague Desemba, wakati hewa ni kavu na baridi kidogo.