Tumbo la bibi likivimba, omba picha

(Muziki unapungua.)

Leo nazungumza nanyi kutoka Nakaloke, mji mdogo karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda. Mazungumzo ni ya mama na bibi zetu ambao hedhi imekwisha koma.

Tumfikirie bibi mmoja wa hapa, mwenye miaka sitini na kitu. Kitenge hakimfungiki tena kiunoni, ingawa mashavu yamekonda. Akila matonge matatu, ameshiba. Usiku anaamka kukojoa mara kwa mara. Jirani mmoja anasema ni minyoo, mwingine ni uzee, wa tatu ananong'ona kuwa amerogwa. Bibi ananyamaza. Miezi inapita.

Hizo zinaweza kuwa dalili za saratani ya ovari, vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kando ya mfuko wa uzazi. Mara nyingi huwa ni ugonjwa mwingine. Lakini zikianza baada ya miaka 50 na kurudi zaidi ya mara 12 kwa mwezi, au akitoka damu baada ya hedhi kukoma, asingoje. Aende kituo cha afya aseme: "Tumbo langu linavimba, halipungui. Naomba kupimwa kwa ultrasaundi." Ndugu zetu wa Kongo wanaiita ekografia.

Kipimo hiki hakina miale kama eksirei. Anapakwa jeli tumboni, kifaa kinapitishwa juu ya ngozi, na mawimbi ya sauti yanaleta picha. Wakati mwingine kifaa chembamba huingizwa ukeni ili ovari zionekane vizuri. Bibi ana haki ya kuelezwa kwanza, akubali au akatae.

Hedhi ikikoma, ovari husinyaa. Uvimbe wa maji matupu wenye ukuta mwembamba mara nyingi hauna hatari. Ukiwa na vyumba vingi au nyama ngumu ndani, au maji yakijaa tumboni, rufaa ifanywe haraka. Picha peke yake haikati shauri: kuna kipimo cha damu, na mwishowe nyama ya uvimbe huchunguzwa maabara. Kutoka Nakaloke, njia huenda Hospitali ya Rufaa ya Mbale, kisha Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, Kampala.

Kumbukeni mawili. Kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi hakionyeshi ovari. Na asiye na dalili hana haja ya kupigwa picha kila mwaka: utafiti wa Uingereza kwa wanawake zaidi ya 200,000, uliotoa matokeo 2021, haukuona kwamba kufanya hivyo kunapunguza vifo.

Wewe binti, wewe mjukuu, leo jioni muulize bibi: "Tumbo lako likoje?" Akikueleza, msindikize kesho kituoni, na karatasi ya majibu uitunze.

Kaeni salama.

(Muziki.)