Mwenye Nyumba ya Wageni: Hospitali ya KCMC na Wajibu wa Usharika

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika

 

Mfano ulioandikwa katika Luka sura ya kumi umehubiriwa mara nyingi katika madhabahu za mlima huu. Msamaria husifiwa, kuhani na Mlawi hulaumiwa, na aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi huhurumiwa. Yuko mtu mwingine katika habari hiyo ambaye hasemwi sana, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria aliendelea na safari yake siku ya pili, akaacha dinari mbili na ahadi ya kulipa kitakachozidi. Aliyebaki na majeruhi, na vidonda vyake, na gharama isiyojulikana itafika wapi, ni mwenye nyumba.

Hospitali iliyofunguliwa Moshi mwezi Machi 1971 humilikiwa na Shirika la Msamaria Mwema, chombo ambacho Walutheri walikiunda pamoja na makanisa ndugu. Jina ni la Msamaria, lakini kazi ya kila siku ni ya mwenye nyumba. KCMC haichagui anayeletwa mlangoni. Hupokea majeruhi wa ajali za barabara kuu ya Arusha, mama aliyeshindwa kujifungua katika kituo cha afya, mtoto aliyeungua kwa uji wa moto, na mzee ambaye ameshazunguka zahanati tatu.

Historia ya usimamizi wake haikunyooka. Kwa miaka mingi hospitali ilikuwa mikononi mwa Serikali, hadi mwaka 1992 iliporudishwa kwa Shirika. Hata baada ya hapo Kanisa halikuachiwa mzigo peke yake, kwa kuwa Serikali iliendelea kulipa mishahara ya watumishi wengi. Wanaosema KCMC ni "yetu" kwa maana ya Walutheri wa Kilimanjaro husahau jambo hilo. Ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, na wagonjwa hutoka Tanga, Manyara na Arusha kama watokavyo Machame na Rombo. Waislamu na wafuasi wa dini za jadi hulala kitanda kwa kitanda na watoto wa Kipaimara, na ndivyo inavyopasa.

Tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa mahali pa kufundishia. Mwaka 1981 kilianza chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Mwaka 1992 kilifunguliwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Katika kituo hicho ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwakata wakiwa bado vijana. Chuo cha udaktari kilianza mwaka 1997, na leo ni Chuo Kikuu cha KCMC. Desemba 2016 kilifunguliwa kituo cha saratani. Kabla yake, familia nyingi za Kaskazini zilijua njia moja tu ya matibabu hayo, nayo ni basi la kwenda Dar es Salaam, Ocean Road.

Liko jambo moja linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu linahusu kila nyumba ya usharika huu, nalo ni homa.

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa KCMC na katika Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kati ya wagonjwa hao, 528 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, malaria ilionekana kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Zaidi ya robo ya waliopimwa magonjwa yatokayo kwa wanyama walikutwa nayo: homa ya mgunda, bruselosisi, homa ya Q, na homa zinazoenezwa na kupe. Wengine walikuwa na vimelea katika damu, na wengine chikungunya.

Habari hiyo haiziaibishi hospitali hizo mbili. Desturi ya kuita kila homa malaria ilikuwa ya nchi nzima, na heshima ni ya wale waliokubali kazi yao ichunguzwe na kuandikwa. Lakini mtu akitafakari namba hizo, ataona ni wagonjwa wangapi walipewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, huku ugonjwa halisi ukiendelea.

Chanzo hakiko mbali. Kihamba ni mahali ambapo mtu, ng'ombe na mbuzi huishi karibu sana. Mkojo wa panya na wa ng'ombe huchanganyika na tope, na mguu wenye mchubuko hulikanyaga. Mbuzi anapozaa, mama wa nyumba humsaidia kwa mikono mitupu, na kondo la nyuma hutupwa migombani. Maziwa hunywewa kabla ya kuchemshwa. Hata kisusio, ambacho wazee hawapendi kiguswe madhabahuni, si salama kikiwa hakijaiva. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kimefika mpaka zahanati, lakini mgonjwa akiambiwa hana malaria, mara nyingi hukasirika, akapita duka la dawa kununua mseto, na kurudi nyumbani. Anapofikishwa KCMC siku ya kumi, hospitali hulaumiwa kwamba "watu hufia kule".

Pamoja na hayo, watafiti wanaokuja vijijini kuchukua damu bado hutazamwa kwa shaka. Hofu ya mumiani ni ya zamani, na haiondoki kwa kuchekwa. Mchungaji na wazee wa mtaa wakikaa na watafiti, wakauliza damu inakwenda wapi na majibu yatarudi lini, hofu hupungua, na watafiti nao hujifunza kuwajibika. Kurudisha majibu ni deni lao.

Linabaki suala la dinari. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, kama ilivyoanzishwa, iliishia hospitali ya mkoa. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda KCMC alivuka geti akiwa hana kadi inayotambuliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na ni jambo la kumshukuru Mungu, ila sheria si fedha mkononi. Familia huuza ng'ombe, kisha hugusa kihamba. Asiye na cha kuuza hupelekwa Ofisi ya Ustawi wa Jamii kuomba msamaha, na msamaha ukitolewa, gharama haipotei. Hubebwa na mwenye nyumba. Dawa iliyotumika, uzi wa mshono, oksijeni, vyote vilinunuliwa na mtu fulani.

Jambo hilo husemwa kwa upole kupita kiasi katika mikutano ya Kanisa. Ni rahisi kumpongeza mwenye nyumba kwa ukarimu wake huku hakuna aliyeacha dinari mezani.

Usharika huu unajua kutoa. Kila Jumapili baada ya ibada mkungu wa ndizi hunadiwa, aliyeununua huurudisha, ukanadiwa tena, na kuku vivyo hivyo. Pendekezo lililoko mbele ya Baraza la Wazee ni kwamba mnada wa Jumapili moja katika kila robo mwaka upelekwe KCMC, Ofisi ya Ustawi wa Jamii, kwa stakabadhi, kwa ajili ya wagonjwa wasio na wa kuwalipia, bila kuuliza dini wala wilaya. Vijana, ambao damu yao inahitajika kila wiki chumba cha upasuaji, wameombwa kupanga siku yao ya kuchangia katika robo hizo hizo. Umoja wa Wanawake umeombwa kuchukua somo la maziwa, mazizi na mbuzi wanaozaa katika ibada za nyumba kwa nyumba. Baraza litatoa jibu kabla ya Majilio.