Udongo Nao Una Wafanyakazi Wake



Mwaka 1972, mjini Iringa, TANU ilitangaza kwamba Siasa ni Kilimo. Leo wakulima wengi wameweka chini jembe la palizi, wakashika bomba la dawa ya kuua magugu. Hapana ubaya katika kumpunguzia mkulima jasho. Ubaya upo katika kudhani kwamba gugu likishakauka, kazi ya dawa imekwisha.

Kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba kina mamilioni ya bakteria. Wako waozeshao mabaki ya mazao. Wako pia waishio katika vinundu vya mizizi ya maharage na kunde, ambao hutwaa naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Hao ni vibarua wasiodai ujira.

Dawa ya glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, huua gugu kwa kuzuia kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kujijenga. Binadamu hana kimeng'enya hicho, lakini bakteria wengi wanacho. Kwa hiyo dawa iliyokusudiwa gugu yaweza kumdhoofisha na kibarua wa shamba.

Isitoshe, bakteria haohao ndio wanaoivunjavunja dawa udongoni. Dawa ya 2,4-D, penye joto na unyevu, huisha kwa majuma machache. Glaifoseti huacha masalia yaitwayo AMPA, ambayo hukawia zaidi. Parakwati hunaswa na chembe za mfinyanzi, wasikoweza kuifikia kwa urahisi, ikadumu kwa miaka. Dawa ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa, madhara mara nyingi huwa madogo na ya muda. Bali anayezidisha kipimo, msimu baada ya msimu, humwongezea kibarua mzigo huku akimpunguzia nguvu.

Basi bwana shamba na afundishe kipimo kabla ya kusifu dawa. Mwalimu naye, katika shamba la shule, atenge vipande viwili vya maharage: kimoja kilichoandaliwa kwa dawa, kingine kwa jembe. Wanafunzi wang'oe miche, wahesabu vinundu na kuvipasua: chenye wekundu ndani kingali kikifanya kazi. Yote yaandikwe: dawa gani, kiasi gani, tarehe gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na udongo ndiyo mali ya kwanza ya mkulima.